Inakosekana Moja

Daktari Mbelwa aliniita saa nane mchana,
umeme umekatika, jenereta inakohoa,
akanionyesha fomu ya kupandishwa cheo:
kurasa sita, na kisanduku kimoja kidogo
kinachotaka namba moja tu.

"Semhando, nihesabie. Macho yako yamezoea."

Yamezoea kweli. Miaka kumi na tisa hapa Muheza
nahesabu vimelea kwenye slaidi:
chembe nyeupe mia mbili, unasimama,
unazidisha, unagawanya,
kwa kudhani kila mtu, kichanga na mchuma machungwa,
ana nyeupe elfu nane katika kitone.
Hakuna mwenye elfu nane kamili.
Lakini usipodhani hupati jibu, na mgonjwa yuko benchi.

Basi nikazipanga makala zake
kama wapangavyo machungwa pale stendi:
fungu kubwa mbele, dogo nyuma.
Unashuka ukihesabu, la kwanza, la pili, la tatu,
hadi ufike fungu lenye machungwa machache
kuliko namba yake. Hapo unarudi hatua moja.
Hiyo ndiyo fahirisi yako. Ndiyo wewe.

La kwanza lina nukuu mia mbili na tatu.
Nikazifungua. Zaidi ya nusu
wanamnukuu kusema alikosea kipimo cha dawa,
na alikosea, akakiri mwenyewe mwaka uliofuata
katika makala iliyonukuliwa mara nne.
Mashine haitofautishi salamu na tusi;
kwake yote ni kuitwa jina.

La kumi na moja: kumi na nne. Linapita.
La kumi na mbili: kumi na moja.

Cheo kinataka kumi na mbili.

Hilo fungu nalijua. Nilikuwemo.
Wiki tatu Mkwaja, usiku kwa usiku,
maana vijidudu vya matende huja kwenye damu
watu wakishalala. Tulibisha hodi saa nne,
wanaume wenye mabusha wakatoka na mashuka,
wakicheka ili tusione aibu.
Mzee Kilua alinyoosha kidole, akauliza:
"Damu yangu inakwenda kuandikwa wapi?"
Nikamjibu: kitabuni.
Sijarudi kumwambia kitabu kimetajwa na watu kumi na mmoja.

Ila Mwanakombo, muuguzi wa zahanati ile,
alikata jedwali la ukurasa wa tano
akalibandika ukutani kwa plasta ya kidonda,
juu ya ndoo ya maji ya kumezea dawa.
Hadi leo hagawi kidonge bila kulitupia jicho.
Kona zimekunjika, jua limekula wino.
Plasta haimo kwenye orodha ya nukuu.

Wala mimi simo. Niko chini kabisa, kwenye shukrani:
"M. Semhado." Wameimeza n,
na shukrani hazihesabiwi.

Simu ikalia. Rafiki yake wa Dar, profesa,
sauti yake ikavuja hadi kwangu:
"Andika fupi, kurasa mbili. Jinukuu mwenyewe. Kwisha."
Daktari akaiweka simu kifudifudi.

"Kizuri chajiuza," nikamwambia.
"Chajiuza wapi, Semhando? Mkwaja?"

Sikuwa na jibu. Nje mtoto alikuwa analia,
nikarudi kwenye hadubini.
Nyeupe mia mbili. Nikaendelea hadi mia tano
kwa kuwa sikuona kitu, na kutoona
kunataka subira kuliko kuona.
Hakuna. Nikaandika sifuri.

Mama yake aliisoma kichwa chini juu ya daftari langu,
akaisoma tena, akamfunga mtoto mgongoni
akatoka hata kadi ameisahau.
Nilimkimbiza nayo hadi getini,
nikamkuta anamenyewa chungwa.

Niliporudi Daktari alikuwa bado mlangoni,
fomu mkononi, kalamu imefunguliwa.
"Weka kumi na moja," akasema.
Nikaanza kuandika moja ya kwanza.
"Au ngoja," akasema. "Ngoja kwanza."